DPF kwenye Hiace na vani za dizeli: inajichoma vipi na ufanye nini taa ikiwaka (mwongozo kamili)

Dereva wangu alirudi jioni moja akaniambia bosi, gari inanuka. Nikamuuliza inanuka nini, akasema kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Nikatoka nje, gari imeshazimwa lakini feni bado inalia, na uvunguni linatoka joto la jiko la mkaa. Gari haikuwa mbovu. Ilikuwa inachoma masizi yake na yeye kaikata katikati, na nilipombana akakiri wiki nzima imekuwa hivo, kila akifika stoo Kariakoo anazima tu anashusha mzigo. Ile wiki ilinila oili yote ya injini na siku tatu gereji, na kule gereji ndo nikajua tatizo lenyewe wala halikuanzia kwa dereva, ntakuja kulieleza mbele.

Kwahiyo huu mwongozo wa DPF, yaani kichujio cha masizi kwenye njia ya moshi wa gari ya dizeli, ni mrefu kidogo. Kama taa imeshawaka na uko barabarani ruka nenda pale nilipoandika "Taa imewaka", mengine utasoma ukifika nyumbani.

Kwanza hakikisha gari yako inayo

Kama una Hiace ya zamani ya injini ya 3L au 5L we lala usingizi, hii habari haikuhusu. Hiace za 2KD zilizouzwa mpya kwa soko la Afrika nazo nyingi hazina. Wanaohusika ni wenye Hiace za dizeli zilizotumika Japani za 1KD kuanzia kama 2007 na zile mpya zaidi za 1GD, na wenye vani za Ulaya kama Sprinter, Transit, Transporter za kuanzia kama 2010 hivi, mana sheria ya Ulaya ya Euro 5 ilipoanza 2009 kwa gari ndogo na vani zikafuata, dizeli bila kichujio ikawa ngumu kuuzika kule. Kitu chenyewe si kipya sana, gari ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa nacho ilikuwa Peugeot 607 mwaka 2000.

Majina yanachanganya. Isuzu wanaiita DPD, Hino na Dyna za Toyota wanaiita DPR, wengine wengi DPF. Ni ndugu wa baba mmoja. AdBlue ni kitu kingine, ile ni dawa ya kupunguza gesi, ina tenki lake, na kuijaza hakusafishi masizi hata chembe. Naandika hivo mana nimeshakutana na mtu kamwaga AdBlue kwenye tenki la dizeli akidhani anaisaidia DPF, na hapo ndo aliua pampu na nozeli kwa mpigo mmoja.

Ndani kuna nini

Ukiitazama nje ni kopo la chuma lililovimba, lipo kwenye njia ya moshi, gari nyingine limebanana na tabo (ile turbo inayosukuma hewa kwenye injini), nyingine lipo chini ya sakafu. Ndani kuna kauri iliyotobolewa kama sega la nyuki, vijia vyembamba vingi sana. Ujanja wake ni kwamba kijia kimoja kimezibwa nyuma, cha jirani yake kimezibwa mbele. Moshi ukiingia unakuta hakuna pa kutokea, unalazimika kupenya ukuta wa kauri wenye vitundu vya kutoonekana kwa macho, hewa inapita, masizi yanabaki.

Ni kifumbu cha tui tu. Unakamua, tui linapita, machicha yanabaki, na usipoyatoa machicha utakamua mpaka mikono iume na tui halishuki. Tofauti ni kwamba kifumbu unakikung'uta, DPF inabidi uyachome machicha yakiwa humohumo ndani.

Sasa shika hili vizuri mana gereji nyingi wanalichanganya: kuna masizi na kuna majivu. Masizi ni dizeli ambayo haikuungua vizuri, ni kaboni, yanachomeka yakaisha. Majivu yanatoka hasa kwenye oili ya injini, zile dawa za chuma wanazochanganya kwenye oili, injini ikila oili kidogo kidogo zile dawa zinaishia kwenye DPF, na hazichomeki kwa joto lolote ambalo gari inaweza kulitoa. Kwahiyo hata ukiichoma vizuri kila siku, majivu yanajaa taratibu miaka na miaka mpaka siku inabidi kopo litolewe lisafishwe. Ukiambiwa "tumeichoma mara tatu bado inawasha taa", uliza kwanza, masizi au majivu?

Inajichoma vipi

Kuna njia tatu.

Ya kwanza inatokea yenyewe bila wewe kujua. Ukiwa barabara kuu na mzigo, moshi unafika nyuzi 250 mpaka 400, na katalisti iliyopo mbele ya kichujio inatengeneza gesi ya naitrojeni dayoksaidi ambayo inayala masizi polepole. Ndo mana vani inayokwenda Dar Morogoro kila siku inaweza kukaa miaka taa haijawahi kuwaka, na ya aina ileile inayozunguka Kariakoo, Ilala, Buguruni inaleta shida kila mwezi.

Ya pili kompyuta ya gari ndo inaamrisha. Kuna sensa yenye mipira miwili, mmoja umetoka kabla ya kichujio mwingine baada, inapima tofauti ya presha. Tofauti ikikua, au hesabu ya kompyuta ikionyesha masizi yamefika kiwango, gari inaanza kurusha dizeli ya ziada baada ya mlipuko wa kawaida, ile dizeli inakwenda kuungua kwenye katalisti na joto linapanda mpaka kama nyuzi 600. Kwa joto hilo masizi yanaungua na oksijeni tu. Inachukua dakika 10 mpaka 20 ukiwa kwenye mwendo, na kwa gari nyingi inatokea kila baada ya kilomita mia tatu na kitu mpaka mia nane au tisa, inategemea unaendeshaje. Gari nyingi haziwashi taa yoyote wakati huu, na ndo kinachowaponza madereva.

Baadhi ya injini, za 1GD mfano, zina nozeli ya peke yake kwenye njia ya moshi kwa hii kazi, mafundi wanaiita nozeli ya tano. Uzuri wake dizeli haipiti kwenye silinda. Ubaya wake ikiziba, na inaziba, hakuna joto, na utahangaika na kichujio wakati mgonjwa ni kile kinozeli cha pembeni.

Ya tatu ni ya kulazimisha, kwa kitufe au kwa mashine ya fundi, gari ikiwa imesimama. Hiyo nitaieleza chini mana ina hatari zake.

Utajuaje inajichoma saa hii

Sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inapanda, kama kawaida yako ni 750 utaona inacheza 900 au 1,000. Mlio wa egzozi unakuwa mzito. Feni inawaka bila sababu na inaendelea hata ukizima. Dizeli inaliwa zaidi, vani zenye skrini ya matumizi utaona namba imeruka. Kwenye vani zenye mfumo wa kuzima injini ukisimama kwenye taa za barabarani, haizimi. Na ile harufu ya chuma cha moto.

Ukiziona mbili kati ya hizo, usizime. Zunguka mtaa, nenda mpaka mzunguko unaofuata urudi, kunywa chai baadaye. Nimewaambia madereva wangu hivi: feni ikilia umefika stoo, hujafika.

Mana ukizima katikati, ile dizeli ya ziada iliyorushwa kwenye silinda sehemu yake inashuka kwenye kuta za silinda inakwenda kuchanganyika na oili kule chini. Mara moja si kitu. Kila siku kwa wiki ni balaa. Siku ile mimi nilichomoa stiki ya oili, nikaifuta na gazeti, nikairudisha nikaichomoa tena, oili imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, wakati sijaongeza oili tangu sevisi. Nikaipaka kati ya vidole, nyepesi kama maji ya mchele, nikainusa, dizeli tupu. Oili ikipanda namna hiyo usiwashe hata kuisogeza. Haishiki tena beringi, na ikizidi sana injini inaweza kuanza kuivuta oili yenyewe ikaungua kama mafuta, ikapanda resi peke yake na ufunguo ukiuzima haizimiki.

Taa imewaka, fanya hivi

Tazama taa ipi kwanza. Ile ya kibomba chenye vidoti ndani, ikiwa imetulia haipepesi na gari inavuta vizuri, gari inakuomba tu nafasi ya kujichoma. Ikiwa inapepesa, au imeungana na chek injini, au gari imejibana haivuki mzunguko wa 3,000, hapo umeshachelewa hatua moja, usiende safari, nenda kwenye kitufe au mashine ya fundi, soma "Kulazimisha ikiwa imesimama" kule chini. Ikiwaka na taa nyekundu ya oili, simama hapohapo.

Kama imetulia:

1. Pima oili kwanza kwa stiki. Imepita alama ya juu? Badilisha oili kabla ya kitu kingine chochote.

2. Hakikisha tenki lina zaidi ya robo. Gari nyingi zinakataa kujichoma mafuta yakiwa chini, na watu wetu wanaoweka dizeli ya elfu kumi kumi wanashangaa kwanini taa haizimi.

3. Pasha injini kwanza kwa kuendesha kawaida mpaka mshale wa joto ukae sehemu yake. Nyingi zinataka maji yafike kama nyuzi 70 au zaidi ndo zianze.

4. Toka mjini. Kwa Dar mimi napenda Morogoro Road, ukishapita Kibaha unaelekea Mlandizi, au Bagamoyo Road ukivuka Bunju. Unatafuta dakika 20 mpaka 30 za mwendo usiokatika, 60 mpaka 80. Hakuna haja ya kukimbia 120, hilo ni porojo, kinachotakiwa ni mzunguko wa injini na mzigo. Shuka gia moja, mzunguko ukae 2,000 mpaka 2,500. Kwenye yale maeneo ya 50 yenye trafiki shuka gia nyingine mzunguko usife, spidi utakuwa nayo halali na joto halipungui. Otomatiki weka 3.

5. Ukipata kilima, kipande na gia ndogo, usikisukume kwa pupa ukakiachia. Mguu uwe sawa.

6. Taa ikizima usizime gari hapohapo. Endesha taratibu dakika tano joto lishuke.

Ikigoma kuzima baada ya safari mbili za namna hiyo, acha kuendesha ovyo, kuna kitu kinaizuia, na kujaribu mara ya tatu, ya nne ni kuongeza dizeli kwenye oili tu.

Tafuta nani anaijaza

Hapa ndo nataka ukae. DPF ni debe la taka. Likijaa haraka humlaumu debe, unamtafuta anayetupa, au unauliza gari la taka mbona haliji. Gereji nyingi wanaosha debe wanakurudishia, wiki tatu upo tena mlangoni kwao.

Ile vani yangu, fundi wa kwanza alisema kopo limekufa ninunue jipya. Wa pili akachomeka mashine, akanionyesha joto la maji, tumetoka Mbezi mpaka kwake na bado nyuzi 62. Akafungua nyumba ya themostati, ile vali inayozuia maji yasipozwe mpaka injini ipate joto. Tupu. Fundi flani kabla yangu aliitoa, ile hadithi ya "Dar joto, hii ya Ulaya toa tu injini ipoe". Ndo ikawa mchawi wetu. Injini ilikuwa haifiki joto la kazi, kompyuta inadhani bado ya baridi, inarusha dizeli nyingi, masizi yanaongezeka, na wakati huohuo inakataa kuanza kuchoma mana joto halijafika, ikianza kwa bahati mchana kwenye foleni basi dereva kashafika stoo. Themostati ni kitu cha bei ya mafuta ya siku moja. Nimeirudisha, joto linakaa 85 mpaka 90, na injini haijawahi kuchemsha hata siku moja kwenye foleni ya Ubungo. Kama una dizeli yenye DPF na huna uhakika kama themostati ipo, anzia hapo leo, kabla hujamlipa mtu kitu.

Vifaa vya kuangalia joto si ghali, kale kadude ka ELM327 ka blutuuthi kanakochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari, na programu kwenye simu, kanasoma joto la maji kwenye gari karibu zote. Namba za masizi na presha ya DPF kwenye gari nyingi za soko la Japani kanashindwa kuzisoma, hapo utahitaji mashine inayoijua gari yako.

Wengine wa kuwachunguza, kwa mpangilio ninaoutumia mimi:

Mipira ya sensa ya presha. Ile miwili. Inakauka, inapasuka, mmoja unaziba masizi, na sensa inaanza kudanganya kompyuta. Ichomoe upande wa sensa kwanza ndo upulize kuelekea kwenye bomba, ukipuliza kuelekea sensa umeiua. Jaribio rahisi: ufunguo umewashwa injini imezimwa, mashine isome tofauti ya presha. Lazima iwe sifuri au karibu kabisa na hapo. Ikisoma kitu na injini haijawaka, sensa ni mwongo. Injini ikiwa sailensa na kichujio kiko safi kwa kawaida utaona chini ya kilopaskali 1, na ukipiga resi 2,500 inapanda kidogo na kushuka mara tu unapoachia. Ikipanda sana na kuchelewa kushuka, kweli kimejaa.

Mpira wa hewa kati ya tabo na intakula (kipoza hewa). Ukipasuka hata kidogo hewa inapungua, dizeli haiungui yote, masizi mengi. Papasa kwa mkono, ukikuta mafuta yenye vumbi sehemu moja ndo penyewe.

EGR (vali inayorudisha moshi kidogo kwenye injini) iliyokwama wazi, nozeli zinazovuja, tabo inayopitisha oili. Hizi zinataka fundi mwenye mashine, sitozieleza sana, ila jua kwamba kosa lolote la EGR au la sensa ya joto la moshi lililohifadhiwa kwenye kompyuta linaweza kuizuia gari isijichome kabisa. Kompyuta haiwashi moto kama haiamini kipimajoto chake.

Dizeli yenyewe. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni, wakati Ulaya na Japani ni 10. Hiyo 50 gari inaihimili. Kisichohimilika ni ya kwenye madumu njiani na ile iliyochanganywa mafuta ya taa, ukiweka hiyo usilie na mtengeneza gari.

Oili, na hapa fanya hesabu na mimi

Oili ya DPF lazima iwe ya majivu machache. Kwa Hiace za Japani tafuta alama ya DL-1, majivu yake hayazidi asilimia 0.6. Kwa vani za Ulaya tafuta C2 au C3, hazizidi 0.8, ila soma kitabu cha gari mana kila kampuni ina namba yake. Zile oili za dizeli za kwenye pipa tulizozoea, 15W-40 za CI-4, majivu yake yanapita asilimia 1 na zipo zinazokaribia 1.5.

Unaona tofauti ndogo? Tuseme injini inakula lita 1 kila kilomita 5,000, kitu cha kawaida kwa vani ya kazi. Kilomita 100,000 ni lita 20, kama kilo 17. Kwa oili ya 0.6 ni gramu 102 za majivu. Kwa ya 1.5 ni gramu 255. Hata kama si yote yanayonasa, ni kopo lilelile, kwahiyo aliyeokoa pesa kwenye oili anaosha DPF mara mbili na zaidi wakati mwenzake kaosha mara moja. Na kama gari inakatisha katisha kuchoma, fupisha muda wa kumwaga oili, mimi ya foleni naimwaga kila 5,000.

Kulazimisha ikiwa imesimama

Hiace nyingi za Japani zina kitufe, kipo kwenye dashibodi upande wa dereva, mara nyingi kimeandikwa Kijapani na watu wanakaa nacho miaka bila kujua cha nini. Isuzu na Canter nazo zinacho. Taa ikipepesa: simamisha gari uwanja wa wazi, sakafu ya udongo mtupu, zege au kokoto. Si kwenye majani makavu, si ndani ya gereji, si karibu na turubai wala madumu. Egzozi itakuwa na joto la kuwasha nyasi kama kiberiti, na watoto wasiwe karibu na bomba la nyuma. Injini iwe imeshapata joto, weka P au fri, hendibreki juu, zima AC, bonyeza. Resi itapanda yenyewe. Usikanyage mafuta, usiguse gia, ukigusa inakata. Subiri taa izime, nusu saa si ajabu. Alafu iache sailensa kidogo ndo uzime.

Vani zisizo na kitufe fundi anaamrisha kwa mashine. Mwambie akuonyeshe mambo mawili kwenye skrini kabla ya kuanza: kiasi cha masizi, na makosa yaliyopo. Ikiwa masizi yamepita kiwango ambacho kampuni inaruhusu na mashine inakataa, fundi asitafute njia ya kuidanganya ili iwake. Masizi mengi yakishika moto kwa pamoja joto linapita nyuzi 1,000 na kauri inapasuka au inayeyuka. Kipindi inachomwa aangalie joto la sensa ya moshi, linatakiwa lipande lifike 550 mpaka 650 na likae hapo. Likigota 300 halipandi, simamisha, kuna nozeli au katalisti haifanyi kazi. Mkimaliza badilisha oili, usikubali "bado safi hii".

Kuosha

Ukifika hatua ya majivu, kopo linatolewa. Njia nzuri ni ya tanuri na upepo, au mashine ya kusukuma maji na hewa kwa kinyume cha njia ya moshi. Ile ya kuipeleka kwa waosha magari wakaipiga kwa presha ya maji ya mbele inasukuma majivu yakagandamana mwisho wa vijia kama saruji, na inang'oa rangi ya madini yenye thamani iliyopakwa ndani. Mlete fundi kwenye mizani: ipimwe kavu kabla, ipimwe kavu baada. Ikipungua gramu mia moja na kitu umeoshewa. Ikirudi na uzito uleule umemwagiwa maji tu. Baada ya kuirudisha, hesabu ya majivu kwenye kompyuta irudishwe sifuri, wengi wanasahau na gari inaendelea kuhesabu kutoka pale ilipoishia.

Kutoboa

Nitasema ninavyoona. Kupasua kopo, kutoa sega na kulichomelea tena ni kazi ya saa mbili na ndo ushauri wa kwanza wa kila kijiwe. Ukitoboa bila kubadilisha programu, kompyuta inaona presha haipo, inawasha taa, na nyingine zinaendelea kurusha dizeli ya kuchomea kitu ambacho hakipo, oili inapanda vilevile. Ukibadilisha programu gari itavuta, sitokudanganya. Ila moshi wa dizeli shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka kundi la visababishi vya saratani tangu Juni 2012, na anayeuvuta si wewe uliyekaa mbele, ni muuza mihogo wa kituoni na konda wako. Uingereza tangu Februari 2014 vani iliyokuja nayo ikikutwa haina inafeli ukaguzi wa kila mwaka. Kwetu hakuna anayekuchungulia uvunguni, kwahiyo hapo ni wewe na nafsi yako. Mimi zangu sitoboi.

Ukinunua vani iliyotumika

Kabla hujalipa, nenda nyuma na tishu nyeupe, ingiza kidole kwenye bomba la moshi lililopoa ufute ndani. Dizeli yenye DPF nzima tishu inatoka na vumbi la kijivu, au haina kitu kabisa. Ikitoka nyeusi tii ya kuchafua kidole, kauri imepasuka au mtu ameshatoboa kabla yako, inama uangalie kopo kama lina mshono mpya wa kuchomelea upande wa juu, kule wanakodhani hutochungulia. Alafu washa, acha sailensa, chomeka kale kadude kwenye simu, na uone maji yanafika nyuzi ngapi baada ya kuzunguka nayo kilomita kumi.